Daftari la Saa

Miaka kumi na miwili nilihesabu makontena Kilindini:
yaliyoingia, yaliyotoka, yaliyozuiliwa na forodha.
Sasa nahesabu saa.
Mia tatu, bodi yataka, kabla jina langu
halijaandikwa katika sajili ya washauri nasaha.
Leo ninazo mia moja themanini na saba na nusu.
Hiyo nusu ni ya mama aliyeondoka katikati
kwenda kumchukua mwanawe chekechea.

Mamangu, juu ya mbuzi ya nazi, uani Kisauni:
"Shahada ya pili, Mbodze, laki nne na ushei,
kujifunza kusikiliza?
Masikio si tulikupa bure?"
Nikacheka. Kisha nikakumbuka
sijamwacha amalize sentensi tangu tumzike baba.
Humkatiza kwa pole, mama, yatapita.

Pole. Daktari Mghoi amenipokonya neno hilo.
"Ukiisema mapema umefunga mlango
kabla mgeni hajavua viatu."

Chumba chetu kiko Tudor, juu ya duka la dawa.
Viti viwili vilivyopindishwa kidogo
visikabiliane kama mahakamani.
Sanduku la tishu. Saa ya ukutani
nyuma ya kichwa cha mteja,
niione mimi, naye asione naiona.
Kinasa sauti mezani; idhini imetiwa sahihi.

Mteja wangu wa tano, jina lake silitaji.
Nimekula kiapo, na shairi halikupewa ruhusa.
Nitamwita Jumanne: si jina, ni siku yake.
Mikono yake ina harufu ya grisi.
Wiki tatu alinyamaza,
na kila aliponyamaza mimi nilijaza:
maswali ya kitabuni, mifano, methali,
hata kisa cha shangazi yangu wa Rabai.

Daktari alisikiliza kanda kalamu mkononi,
akichora kijiti kwa kila neno, kama ahesabuye kura.
"Wewe, mia sita na kumi na mawili.
Yeye, arubaini, na kumi katika hayo ni 'ndio'.
Mbodze, nani alikuja kwa ushauri?"

Niliona haya hadi kwenye nyayo.
Siri ya mtungi, walisema, aijuaye kata.
Hawakusema kata iliyojaa maji ya kwake
haichoti tone.

Jumanne ya nne stima ikapotea.
Feni ikazunguka kwa uvivu, ikasita, ikafa.
Kinasa, ambacho betri zake sikubadilisha,
kikafumba jicho lake jekundu.
Jasho likanitambaa mgongoni. Nikafungua mdomo
niseme chochote, hata juu ya joto,
nikaufunga.
Chini, mtu alibishania bei ya dawa ya minyoo.
Dakika moja. Mbili. Ya sita,
akitazama viatu vyake, akasema:
"Mwanangu alikuwa ananiita. Nilidhani anacheza."

Yaliyofuata ni yake.
Mimi, saa nzima, nilisema maneno saba.

Ofisini, daktari akanyoosha mkono apewe kanda.
"Haipo," nikasema. "Stima."
Saa isiyo na kanda haipiti mbele ya bodi,
sote wawili twajua. Akafunika kalamu yake,
akauliza lisilo kwenye fomu:
"Na wewe, mle gizani, ulikuwa unamsikia nani?"

Nikafungua mdomo. Dakika moja. Mbili.
Hakunijazia.

Daftarini bado ni mia moja themanini na saba na nusu.
Nimerudi nyumbani, nimekalia mbuzi mwenyewe,
kifuu mkononi. Mama yuko kizingitini,
anachambua mchicha, jani kwa jani.
"Babako," akaanza, "usiku ule..."

Nikaacha kukuna,
nazi isije ikamkatiza.